Maji ya Alfajiri ya Ndiva ya Nkondo

Hapo zamani, magari yalipokuwa hayajajifunza kupanda milima ya Upare, palikuwa na kijiji kiitwacho Mhezani. Majina nitayataja sawasawa, maana hadithi ikikosea majina, wenye makosa hupata pa kujificha.

Mhezani waliishi kwa ndiva. Ndiva ni bwawa lililojengwa kwa mawe na udongo juu ya kijiji. Kijito cha Nkondo hulijaza usiku kucha, na asubuhi mlinzi huzibua tundu lake, maji yakashuka kwa mfereji hadi shamba la mwenye zamu. Kaya zilikuwa kumi na mbili, zamu kumi na mbili. Aliyekosa zamu yake alingoja mzunguko mzima.

Misheni ilipokuja ikaleta Jumapili. Jumapili ndiva haikufunguliwa. Maji yalijaa, yakafurika juu ya ukuta, yakapotelea korongoni, na watu waliokuwa na kiu ya mashamba wakapita kando yake wakiwa wamevaa vizuri, wakienda kumwomba Mungu maji.

Mwaka mmoja mvua ikakataa. Zamu ya Nambike, mjane wa Chediel Mbwambo, ikaangukia Jumapili. Mahindi yake yalikuwa yametoa mbelewele. Hindi lililofika hapo likikosa maji halina cha kungoja. Nambike alikuwa na watoto watatu na shamba hilo moja. Akajiuliza: Mungu anataka nini? Akajitwika swali lake kama mtungi, akaenda kutafuta wa kumtua.

Siku ya Alhamisi akaenda kwa Mchungaji Elinihaki Kitojo. Mchungaji huyu alikuwa na sauti ya kutosha makanisa mawili na masikio yasiyotosha hata moja.

"Mchungaji," akasema Nambike, "mahindi yangu yanakufa. Nifungue ndiva Jumapili, au nisifungue?"

"Umepitia kwa mzee wa kanisa?"

"Sikupita, Mchungaji."

"Kwa mwinjilisti je?"

"Mwinjilisti yuko shambani kwake, anamwagilia."

"Mama Nambike, mapenzi ya Mungu si kuni za kuokota njiani. Yana utaratibu. Muumini humwambia mzee wa kanisa, mzee humwambia mwinjilisti, mwinjilisti huniambia mimi, nami humwandikia Mkuu wa Misheni. Jibu huja baada ya wiki tatu."

"Mahindi yana siku nne."

"Basi yafundishe subira. Na mpaka barua irudi, usifungue."

Nambike akashukuru, maana alilelewa vizuri. Akarudi. Mahindi yakazidi kunyauka.

Siku ya Ijumaa akaenda kwa Mwalimu Zefania Mchome. Mwalimu huyu alisoma Maandiko kwa lugha tatu, na kila aliyekutana naye aliambiwa idadi hiyo kabla ya salamu kwisha.

"Mwalimu, Mungu anataka nini?"

Mwalimu akacheka. "Ulikwenda kwa Elinihaki? Mama, wewe una kiu, unakwenda kuomba maji kwa mwenye kibuyu kilichotoboka! Nani aliyekwambia Mungu ana karani? Maandiko yameandikwa ili yasomwe." Akafungua, akamsomea habari ya ng'ombe aliyetumbukia shimoni siku ya kupumzika, na mwenyewe aliyemtoa siku hiyo hiyo. "Umesikia? Shamba lako ndilo ng'ombe. Fungua."

"Ahsante, Mwalimu. Basi Jumapili tutakwenda wote, uwasomee watu maneno hayo hapo ndivani."

Mwalimu akafunga kitabu polepole. "Jumapili mimi hupiga kinanda. Lakini ukweli ni ukweli, mama, hata asipokuwepo wa kuusema."

Nambike akashukuru. Akarudi. Mahindi yakazidi kunyauka.

Siku ya Jumamosi akaenda kwa Sekiete, mlinzi wa ndiva. Huyu hakubatizwa. Hakusoma lugha hata moja. Desturi ilitaka mwenye zamu amletee mlinzi kibuyu cha dengelua, ile pombe ya miwa.

"Kibuyu kiko wapi?" akauliza Sekiete.

"Dengelua niliacha kupika, baba. Mchungaji ameikataza. Nimekuletea uji."

"Uji! Basi Mchungaji akufungulie, anywe na uji." Lakini akaupokea, akanywa, akalamba kata. "Unataka kufungua siku yao ile?"

"Ninataka kujua kama Mungu anapenda."

"Mimi nitajuaje anachopenda? Hatujatambulishwa." Akatazama chini ya ukuta wa ndiva, akatazama muda mrefu. Sisimizi walikuwa wakipanda ukuta kwa mstari, kila mmoja na yai lake. Akasema tu, "Kesho jua likichomoza, uje."

Jumapili jua likachomoza. Nambike akaja. Sekiete akavuta gogo lililoziba tundu, lakini maji hayakutoka. Matope na mizizi vilikuwa vimeliziba tundu kwa ndani, maana wenye zamu wote walikuwa hodari wa kunywesha mashamba na wavivu wa kusafisha bwawa. Sekiete alikuwa mzee, magoti yamemwacha.

"Haiwezekani," akasema. "Rudi nyumbani, mwanangu."

Nambike akafunga kanga, akaingia majini mpaka kifuani. Akachimba kwa mikono, akavuta mizizi, akameza matope, akazama mara mbili. Mara ya tatu maji yakaguna, yakafunguka, yakaenda. Jua lilipofika juu ya kilima ndiva ilikuwa tupu, na mahindi ya Nambike yalikuwa yamesimama kama watu walioitwa majina yao.

Kanisa la Mhezani lilikuwa juu ya kilima. Ibada ilikuwa inakaribia kwisha mtu mmoja alipoingia, akamnong'oneza Mchungaji: Nambike amefungua ndiva. Mchungaji akarudi mimbarani. Akaanza upya. Akamtaja Nambike kwa jina. Akamweka chini ya marudi palepale: asifike mezani pa Bwana, asisimamie ubatizo, na akifa kengele isipigwe. Kisha akahubiri juu ya utii saa nzima, na nusu saa juu ya wanawake. Mwalimu Zefania alikuwa kwenye kinanda, lugha zake tatu zote zimelala. Alipoambiwa apige wimbo wa toba, akaupiga, tena vizuri.

Watu walikuwa bado ndani, wakipiga miayo ya njaa, waliposikia mlima unanguruma. Mvua ilikuwa imenyesha juu msituni, mbali, isidondoshe hata tone Mhezani. Nkondo ikashuka imebeba mawe na miti. Ikaingia ndivani. Ndiva ilikuwa tupu, tundu lake limesafishwa. Ikameza, ikatapika kwa mfereji, ikameza tena. Ukuta ukatetemeka, ukasimama. Ingeikuta ndiva imejaa kama Jumapili zote, ukuta ungevunjika, na nyumba za chini zisingekuwepo. Maji yaliyobaki yakajaa korongoni, yakafagia njia ile ambayo watu wote, na watoto wao, huipita saa hiyo, wakishatoka kanisani na kusalimiana uwanjani.

Hakufa mtu. Hakufa hata mbuzi.

Mhezani kulikuwa na desturi nyingine. Aliyeiokoa ndiva hupewa maji ya alfajiri: zamu moja kila wiki, yeye na watoto wake na watoto wa watoto wake. Jumatatu Mzee Mashika, wa ukoo uliochimba ndiva, akakusanya watu. Nambike akaja akiwa na matope bado kwenye kucha. Alijua hesabu ya shamba lake: mahindi yamekunywa mara moja, na zamu yake nyingine iko mbali. Bila maji ya alfajiri, yale yaliyosimama Jumapili yatalala kabla ya Jumapili mbili kupita.

"Mungu ametuokoa," akasema Mzee Mashika. "Tunataka kujua ni kwa mkono wa nani. Nani aliyajua mapenzi yake?"

Usingeamini jinsi watu waliojua walivyokuwa wengi siku ya Jumatatu.

Mchungaji Elinihaki akasimama wa kwanza. "Maji ni ya kanisa, yaende kwenye migomba ya kanisa. Ukuta ni mawe. Mawe hujengwa tena. Watu je? Watoto wenu walikuwa wapi korongo lilipojaa? Walikuwa mbele yangu, wamekaa. Nani aliwaweka pale? Bila mahubiri yangu mngekuwa njiani, na leo ningekuwa nawazika."

"Ulikuwa unamtukana mjane," akasema Sekiete.

"Nilikuwa natumika," akasema Mchungaji. "Chombo hakichagui kinachotiwa ndani yake."

Watu wakatazamana. Kila mama akamtazama mtoto wake. Hakuna aliyeweza kusema ni uongo.

Mwalimu Zefania akasimama wa pili. "Maji ni yangu. Katika kijiji hiki kizima nani alisema 'fungua'? Huyu alisema 'ngoja barua'. Huyu mjane alikuja kwangu anatetemeka, nikamsomea, akaacha kutetemeka. Neno ndilo lililofungua ndiva. Mkono ni mkono tu."

"Na wewe ulikuwa wapi, mwenye neno?" akauliza mwanamke mmoja.

"Kwenye kinanda."

"Tulikusikia! Ulimpigia wimbo wa toba!"

Watu wakacheka mpaka Mwalimu akaketi. Lakini alipoketi akasema, "Bado nilikuwa sahihi," na hilo nalo hakuna aliyeweza kulikanusha.

Sekiete hakusimama, kwa ajili ya magoti. "Mimi niliona sisimizi wanahamisha mayai. Babu yangu alinifundisha: sisimizi wakipanda ukuta, teremsha maji. Hata huyu mama asingekuja, ningefungua. Kama Mungu alisema neno, aliwaambia sisimizi, nao hawakuuliza mtu. Nipeni maji nipande miwa."

"Mpagani," akasema Mchungaji.

"Ndiyo," akasema Sekiete. "Na ukuta umesimama."

Ndipo Nambike akasema. "Baba Sekiete, ungefungua kwa magoti gani? Uliniambia haiwezekani, nirudi nyumbani. Mwalimu, neno lako lilifika mpaka ukingoni, halikuingia majini. Nami nisiwadanganye. Kule chini ya maji sikusikia sauti ya Mungu. Nilikuwa nawaza ugali. Lakini tundu ni mimi niliyelizibua, na shamba langu bado lina kiu."

Wazee wakanong'onezana. Wengi wakaelekea kwa Nambike. Ndipo Mchungaji akainua kidole. "Ndugu, huyu yuko chini ya marudi. Mtu wa marudi hapewi heshima na Wakristo."

Wazee wote, isipokuwa Sekiete, walikuwa Wakristo. Wakatazama chini.

"Lakini mlango uko wazi," akasema Mchungaji, sasa kwa sauti ya asali. "Mama Nambike atubu mbele ya kanisa, marudi yaondolewe, nami sitazuia maji."

"Nitubu nini, Mchungaji?"

"Kwamba ulichofanya Jumapili hakikuwa mapenzi ya Mungu."

Nambike akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri, ndiyo maana alipata taabu. "Nikikataa kutubu, sipewi maji kwa sababu nina marudi. Nikitubu, nitakuwa nimekiri kwamba Mungu hakutaka nifungue. Sasa nitapewa maji kwa lipi?"

"Hayo," akasema Mchungaji, "ni mambo ya kitheolojia."

Mzee Mashika akakuna kichwa. Akageuka kushoto, akageuka kulia. Na unajua watu wa Mhezani walimwambia nini, watu waliookolewa na kinywa kisichonyamaza, na msomaji asiyetoka kwenye kinanda, na sisimizi, na mjane mwenye njaa? Wakamwambia, "Mzee, tumwulize Mchungaji."

Mchungaji akasema yeye hawezi kuamua shauri ambalo naye yumo. Akasema lina utaratibu. Akasema wangoje barua.

Barua ikafika baada ya wiki tatu, kama alivyoahidi. Katika hilo tu hakukosea. Ikasomwa mbele ya kanisa lote. Mkuu wa Misheni aliwasalimu kwa jina la Bwana, akawapongeza kwa kuuliza, akasema atalitafakari shauri lao kwa maombi. Kabla ya hapo aliomba aelezwe jambo moja dogo: ndiva ni kitu gani?

Jumapili zote tatu za kungoja barua, ndiva ilifungwa. Maji yakajaa, yakafurika juu ya ukuta, yakapotelea korongoni. Nambike alisimama ukingoni akiyatazama, na nyuma yake mahindi yakizidi kuinamisha vichwa.

Basi ninyi mnaosikiliza, wenye dini na msio nayo: mmoja alikataza, na kwa makemeo yake watoto wakapona. Mmoja alisoma vizuri, akajificha. Mmoja hakumjua Mungu, akajua sisimizi. Mmoja alimtafuta Mungu siku tatu kwenye milango ya watu, akaishia kuchimba matope kwa ajili ya ugali. Maji ya alfajiri ni mkondo mmoja, hayagawanyiki.

Yaende shamba la nani? Na kabla hujafungua kinywa: jibu hilo ni lako, au unakwenda kwanza kumwuliza mtu?