Aliyelala Chali Uwanjani

Wapendwa, isomeni hii taratibu, halafu mmpelekee na mwenzenu mmoja aliye na mgonjwa nyumbani.

Kule Unyakyusani, kijiji cha milimani kabisa, palikuwa na mama akiitwa Tusekile. Uchungu ulimshika Jumatatu, na mpaka Jumanne asubuhi mtoto hajatoka. Mvua ilikuwa imebeba daraja. Mkunga, Bibi Subilaga, akamwambia mwenyekiti wa kijiji, "Huyu jioni hafiki. Ita ile ndege."

Ile ndege ni helikopta ya madaktari, iliyokuwa ikitua uwanja wa shule kila mwaka kuleta chanjo. Mwenyekiti akapiga simu. Rubani akauliza, "Uwanja uko vilevile kama mwaka jana?"

Mwenyekiti akautazama uwanja mwanzo hadi mwisho. "Vilevile, Kapteni. Wewe njoo."

Basi wakashika kazi. Wa kuokota mawe wakaokota, wa kufukuza ng'ombe wakafukuza. Kina mama wakafagia mpaka ungeweza kuanika mpunga pale. Mwenyekiti mwenyewe akafukia shimo kwa jembe.

"Mgeni asijikwae," akasema.

"Mgeni anatoka juu, Mwenyekiti, atajikwaa na nini?" mama mmoja akamtania. Wakacheka kidogo.

Tusekile walikuwa wamemlaza chali kwenye machela, pembeni. Akamshika mkunga mkono. "Bibi, waya."

"Tulia, mwanangu. Pumua."

"Waya zile, Bibi."

"Anaweweseka, maskini," Bibi Subilaga akawaambia wenzake. Akamfuta jasho, akamfunika uso kwa khanga, jua lisimchome.

Helikopta ikatokea nyuma ya mlima, vigelegele vikapigwa. Ilipofika usawa wa mapaa ya shule ikasita, ikavutwa ubavu kama mtu aliyekamatwa shati kwa nyuma, ikaangukia kwenye migomba.

Hapo ndipo kila mtu alipotazama juu. Mwezi uliopita zilivutwa nyaya za umeme kutoka shule hadi zahanati inayojengwa, zikakatiza uwanja katikati. Umeme wenyewe ulikuwa haujawashwa bado. Watu walipita chini yake kila siku, hata wakaacha kuziona.

Migomba ilipunguza kishindo. Rubani akatolewa hai, mguu umevunjika, akalazwa kando ya Tusekile. Mwenyekiti akapiga magoti.

"Nisamehe, Kapteni. Mimi ndiye niliyesema vilevile."

"Na mimi niliuliza habari za chini, mzee. Za juu sikuuliza." Akatazama waya uliokuwa unaning'inia. "Lakini hakuna hata mmoja aliyeziona?"

Tusekile akaiondoa khanga usoni. "Nimewaambia tangu asubuhi."

Bibi Subilaga akakaa chini pale pale vumbini.

Wakawabeba wote wawili, machela mbili, wanaume wakipokezana, kuelekea mtoni wakatafute pa kuvukia. Hawajafika mbali, Tusekile akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, nishusheni. Nataka kuchuchumaa."

Wengine wakasema muda unakwenda. Bibi Subilaga akainua mkono. "Mshusheni. Anajua anachokisema."

Wakamshusha, akachuchumaa, akamshika mkunga mabega. Haukupita muda mrefu, mtoto wa kike akalia. Rubani kwenye machela yake akageuza uso, akalia naye.

Funzo: Mgonjwa aliyelala huona upande ambao sisi tuliosimama hatuutazami. Kabla hujamfunika uso kwa huruma, inama kwanza umsikilize.