Nusu Kidonge cha Bi Mwantumu

Weka mkono kifuani, uniapie kwamba hili halitoki hapa. Umeapa? Vizuri. Mimi sikuapa, ndiyo maana mtaa wa juu wote unajua.

Hapo zamani, sindano zilipokuwa bado zinachemshwa sufuriani, Bwana Semboja alikuwa akifunza waganga vijana watatu wa zahanati: Mhando, Kibwana na binti mmoja, Saumu. Kumdunga mgonjwa waliweza. Kumfokea waliweza zaidi. Kumsikiliza, hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Sasa kulikuwa na mjane, Bi Mwantumu, mgonjwa wa presha. Kila mwezi anapewa vidonge, kila mwezi presha inapanda, na kila mwezi anaapa kwa kaburi la mumewe kwamba anameza. Bwana Semboja akawaambia vijana wake, "Nendeni kwake mmoja mmoja. Nawapa siku kumi. Atakayejua kwa nini dawa haimsaidii, zahanati mpya ya Kwedigongo ni yake. Wengine watarudi darasani mwaka mzima."

Akaenda Mhando. Hakukaa hata kitini. Akamwaga vidonge, akahesabu: vimepungua sawasawa, kimoja kwa siku. Lakini jicho lake halilali. Dirishani palikuwa na wembe, na wembe una unga mweupe. "Kumbe anavikata!" Akaondoka mbio na furaha yake.

Akaenda Kibwana. Huyo hakupewa hata kigoda. "Wewe? Kamuulize wifi yangu Havijawa ulimwambia nini." Kibwana akakumbuka. Mwaka uliopita, mbele ya foleni nzima, alimwambia Havijawa, "Mama, umejaa kama pipa, dawa gani itakutosha?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Havijawa hakukanyaga tena zahanati. Basi Kibwana akaenda kwake, akapiga magoti uani, akaomba radhi.

Akaenda Saumu. Hakuuliza kitu. Akashika mchi, wakatwanga kisamvu mpaka jua likageuka. Ndipo Bi Mwantumu akasema, "Mwanangu, apa kwanza." Saumu akaapa, akasikia: Havijawa naye ana presha, anaona haya kwenda kutibiwa, basi kila asubuhi kidonge kinagawanywa, nusu huku, nusu kule.

"Bibi, nusu haimtoshi yeyote kati yenu. Mtakufa wote wawili."

"Tutakufa tumeshirikiana. Na umeapa, usisahau."

Toka siku hiyo Saumu yuko njia panda. Akisema, ni msaliti, hakuna mgonjwa atakayemfungulia moyo tena. Akinyamaza, bibi wa watu atapooza.

Siku ya kumi zahanati imefurika. Presha ya Bi Mwantumu imepanda kuliko siku zote. Bwana Semboja akawasimamisha vijana wake mbele ya watu.

"Anakata dawa," akasema Mhando. "Nimeona kwa macho yangu."

"Kwa nini?"

"Hilo sijui."

Kibwana akainamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyemfukuza wifi yake hapa. Leo nimemrudisha, yule pale kwenye benchi."

"Na dawa?"

"Ya dawa siyajui, mwalimu."

"Saumu?"

"Najua yote."

"Sema basi!"

"Nimeapa, mwalimu."

"Binti, huyu mama anaweza kuanguka hapa hapa, tukimwona!"

Saumu akapiga hatua mbele. Akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, kule benchini, kap!

Havijawa, maskini, kichwa kilikuwa kinamgonga, jasho linamtiririka, na zamu yake iko mbali. Bi Mwantumu alikuwa amefungua fundo la kanga, ametoa kidonge, amekikata kwa meno. Nusu moja iko juu ya ulimi wake. Nusu ya pili iko vidoleni, na vidole viko mdomoni mwa wifi yake. Foleni nzima imekodoa macho.

"Mnatazama nini?" akasema, mkono haujatoka. "Mlitaka nimeze kizima, nimtazame wifi yangu akifa?"

Haya, wenzangu, msitazamane. Yuko aliyeuona wembe. Yuko aliyeharibu, kisha akapiga magoti. Yuko aliyeaminiwa, akafunga mdomo huku bibi akichungulia kaburi. Je, zahanati ya Kwedigongo apewe nani?