Milango Isiyofika Upande wa Pili

Mtu mmoja, jina lake Lwitiko, alikuwa na mama aliyepumua kwa mashine. Nyumba yao haikuwa na umeme isipokuwa ule wa kasha la hidrojeni alilolitengeneza mwenyewe, na moyo wa kasha hilo ulikuwa utando wa plastiki, mwembamba kama ganda la kitunguu. Ndani yake mlikuwa na vijia vya maji visivyoonekana kwa macho, na mdomo wa kila kijia Lwitiko aliuita mlango. Protoni, chembe za hidrojeni, zilivuka humo hadi upande wa pili. Zikivuka, umeme upo. Zisipovuka, mama hapumui.

Utando ukachoka. Lwitiko akapeleka tando mbili mpya kazini kwake, kwenye hadubini ambayo haitazami; hupapasa kwa ncha ya sindano, kama kipofu na fimbo yake. Mmoja ulijaa milango uso mzima. Wenzake walipoiona picha wakasema, lo, huu ndio! Wa pili ulikuwa na milango michache, tena iliyopinda. Sindano ile iliweza pia kupima kama mlango unapitisha kitu, lakini hiyo ni kazi ya kuchosha, naye alikuwa na haraka. Nyumba njema si mlango; methali hiyo aliijua tangu utotoni. Hata hivyo, akachagua milango mingi, akaufunga utando huo ndani ya kasha.

Mashine ya mama ikapungukiwa nguvu, ikaanza kunong'ona. Mama, macho ameyafumba, akasema, "Mwanangu, nabisha hodi kila nyumba. Taa zinawaka, ila hakuna mtu."

Lwitiko hakuwa amemweleza habari yoyote ya milango. Akaunga mashine kwenye betri ya akiba, iliyobaki na nguvu kidogo, akakimbilia kazini, akachukua kipande kilichosalia cha utando ule na kugusa mlango mmoja mmoja. Kimya. Kila kijia kiliingia kidogo tu, kikakomea gizani. Akagusa utando alioudharau. Mlango wa kwanza tu, kipimo kikaruka.

Akarudi mbio, akabadilisha. Mashine ikanguruma, kifua cha mama kikainuka. Kabla Lwitiko hajatamka neno, mama akafumbua macho, akatabasamu, akamshukuru mtu aliyemfungulia. Lwitiko akageuka kutazama alikokuwa akitazama mama. Hapakuwa na mtu.

Ndugu zangu, sisi wenye milango mingi usoni: anayetubishia hodi sasa hivi ni nani, na akiingia atafika wapi?