Kuku wa Semeni

Soma yote, usiruke. Utamu uko mwishoni.

Timu ya Kitopeni ilikuwa mali ya kijiji kizima. Kila nyumba ilitoa kuku mmoja, wakauzwa, zikanunuliwa jezi na mpira. Hata Semeni, muuza maandazi, alitoa tetea wake wa pekee, na tangu siku hiyo alisema "timu yangu" bila haya. Watu walimcheka.

Akaja tajiri mmoja, Bwana Magesa, mwenye timu yake peke yake. "Tucheze," akasema. "Mkinifunga, nawajengea uwanja. Nikiwafunga, timu yenu naichukua. Ila msiniletee wachezaji wa kukodi. Acheze mwenye timu tu."

Wazee wakakubali. Semeni roho ilimuuma. Tetea wake aende hivi hivi?

Mechi ikaisha sare, wakaingia kwenye matuta, penalti tano kwa tano. Kitopeni wakafunga yote matano. Wageni wakafunga manne, likabaki moja. Lakini kwenye lile la nne kipa wa Kitopeni aliangukia mkono, ukateguka, na kipa mwingine hakuwepo, wala mchezaji aliyethubutu kusimama golini.

Semeni akafunga kibwebwe, akaingia uwanjani.

Kocha, Mzee Chilumba, akamzuia. "Mwanangu, wewe bingwa wa rede. Rede ni kuukwepa mpira usikuguse. Hapa tunadaka."

"Nina kuku wangu humu, mzee. Niache."

Bwana Magesa alicheka hadi akashika mbavu. "Mwacheni. Si nilisema acheze mwenye timu?"

Semeni akasimama golini. Hakutazama mpira. Alimtazama mpigaji nyonga, kama alivyowatazama wenzake kwenye rede tangu utotoni. Nyonga ikageuka. Mwili wake ukataka kukimbilia kushoto, akaulazimisha kulia. Mpira ukamgonga kifuani, akaukumbatia.

Vigelegele vikapasua anga. Watu wazima walilia kwa furaha, na Mzee Chilumba akasahau fimbo yake ya kutembelea, akamkimbilia Semeni.

"Umejuaje, mwanangu?"

"Mzee, miaka thelathini naukwepa mpira. Anayeukwepa lazima ajue unakokuja. Leo nimekwenda palepale ninapopakimbia."

Kesho yake Bwana Magesa akaja kupima uwanja aliouahidi. Kwapani alikuwa na kuku.

"Na mimi naomba niwe mwenye timu," akasema, safari hii kwa upole.

Semeni akampokea yule kuku, akamkagua mabawa. "Karibu, ndugu yangu. Hapa wote tuna mmoja mmoja."

Funzo: Mali ya wengi haikosi wa kuitetea, na ujuzi wa mwenzio unaoucheka leo ndio utakaokuokoa kesho.