Nyanya Zilizohukumiwa Kung'olewa

Mzee Shekidele, tajiri aliyepanda nyanya za mbegu za ng'ambo, alimfuata jirani yake Bi Nyange hadi uani.

"Hizi nyanya zako za mikunjo zing'oe! Nyuki wanatoka kwako na chavua yake, wananiharibia mbegu zangu."

"Hewala, bwana mkubwa. Nyanya mbaya haistahili hata maji. Lakini zionjwe kwanza pamoja na zako, na mwonjaji uwe wewe."

"Nani mwingine? Mtaa huu mzima nani ana ulimi?"

"Basi tuonjee kwako. Mimi sina hata kiti cha kumkalisha mtu kama wewe."

Mzee aliwaita majirani barazani kwake, akaapa mbele yao kwamba zitakazoshindwa zing'olewe siku ile ile, mpaka mche wa mwisho. Bi Nyange akamkabidhi mke wa mzee kikapu chake. Mama yule akaingia ndani, akaziponda nyanya za kila bustani peke yake, akarudi na bakuli la kaure lenye maua na kopo la bati.

Mzee alionja bakuli, akafumba macho. "Asali! Hii ndiyo mbegu!" Akaonja kopo, akatema. "Matope haya! Ng'oa zote!"

Bi Nyange akachukua jembe, akaingia bustanini mwa mzee.

"Wee! Huko ni kwangu!"

"Natii amri yako. Muulize mama."

Mkewe aliinamisha macho. "Baba Kiondo, za mgeni nilizitia kwenye bakuli la wageni. Si ndivyo unavyotaka siku zote? Kopo ni letu sisi wa nyumbani."