Jina Lililonyamazisha Mlima

Wanangu, kuna jambo moja nimelizunguka miaka yote bila kupata jibu lake. Siku ile kule kileleni, Mzee Tembo alipoingiza mkonga ndani ya tundu la mwamba, alijua amegusa nini? Nitawasimulia kama nilivyosimuliwa, nanyi mtaamua wenyewe.

Zamani, zile za kale wanyama walipokuwa na majiko na wakwe kama sisi, palikuwa na mlima katikati ya hifadhi, mbali na kila mtu. Kilele chake hakikuwa na jina, na kilikuwa kikilia. Upepo ukiamka tu, kinaanza: vuuuu, vuuuu, mpaka vitoto vya bondeni vinaacha kunyonya na kusikiliza.

Wanyama hawakushangaa. Kwao, mtoto mchanga akilia bila kukoma, wazee humtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina atakalonyamazia ndilo lake. Wakasema mlima ule nao ni mtoto tu, hajapata jina. Kikao kikaamua wapande, kila ukoo upeleke jina moja.

Habari ilipomfikia Pimbi, aliacha kula. Pimbi alikuwa mdogo wa kutosha ndani ya kikapu, mwenye manyoya ya kahawia, asiye na mkia. Aliishi peke yake kwenye miamba ya juu. Bibi yake, Mkunde, ndiye aliyemlea, na Mkunde alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyopita. Ndugu wengine walichukuliwa na tai. Pimbi hakuwa na mke, wala mtoto wa kumrithisha jina la bibi. Na kwao, jina lisilopata mtoto halitajwi tena. Ni kama mwenyewe kazikwa mara ya pili. Kila asubuhi Pimbi alilitamka polepole mbele ya jiko, ili angalau masikio yake yalisikie.

Akashuka kikaoni kuomba jina la Mkunde nalo lipelekwe. Nyati alicheka mpaka akapaliwa na nyasi.

"Wewe hata mkia huna, leo unataka kilele?"

"Mkia ningeufanyia nini, Shemeji? Nzi wote wako kwako."

Kikao kizima kikaangua kicheko. Tembo, aliyekuwa mwenyekiti, hakucheka. Aliuliza huyo Mkunde alikuwa nani.

"Ni yule aliyekaa juu ya mwamba akipiga mbinja kila hatari ilipokuja, Mzee. Wiii, wiii. Mwaka wa moto mkubwa, mama yako alikusukuma ukavuka mto kwa sababu ya mbinja ile. Ulikuwa ungali unanyonya."

Tembo alipepea masikio. Baadaye akaamuru jina hilo lipelekwe, liwe la mwisho. Na kwa kuwa Pimbi anaijua njia, yeye ndiye awaongoze. Pimbi akaomba jambo moja zaidi. Sauti yake ni ndogo, mlima hautamsikia; Mzee ndiye aliite kwa niaba yake.

Hapo ndipo ilipokaa hila yake. Pimbi alizaliwa kule juu, na alijua kwamba kilio chote kinatoka kwenye tundu moja la mwamba, lenye upana wa pimbi mmoja aliyenona. Alipokuwa mtoto bibi alimkataza kulala humo, akimwambia atauziba mlima pumzi.

Wakapanda. Tembo alihema hu, hu, hu. Nyati aliteleza kwenye majani yenye umande, akiilaumu njia na aliyewaonyesha njia. Ukungu uliwafunika tangu bondeni, jua lisionekane hata kidogo. Karibu na kilele Pimbi alisema miguu inamuuma, wamtangulie. Walipompa mgongo, akazunguka nyuma ya mwamba.

Nyati akaita jina la babu yake, Makongoro. Vuuuu. Akarudia kwa hasira, na mlima ukazidi kulia. Koo nyingine zikaita ya kwao, bure. Tembo akaita la babu yake mwenyewe, Ngurumo, jina ambalo bondeni lilitosha kutetemesha majani. Vuuuu.

Kisha akaita, bila kupaza sauti, kama mtu anavyomwita aliye chumba cha pili: "Mkunde."

Pimbi akajisukuma tunduni. Upepo ukamchoma mgongoni kama maji ya theluji. Nje kukawa kimya. Baridi alikuwa amejiandaa nayo. Hakuwa amejiandaa kulisikia jina lile katika kinywa kisichokuwa chake. Machozi yakamtoka, na hakuweza kuyafuta, maana mikono ilikuwa imebanwa.

"Ngojeni," Nyati akasema. "Yule asiye na mkia yuko wapi? Tundu hilo lichunguzwe."

Pembe zake hazikuingia. Ukaingia mkonga. Pimbi aliuona ukija taratibu, ukinusa, pumzi yake ya moto. Ukamgusa pua, ukapanda shavuni, ukasimama pale palipolowa. Pimbi hakupumua. Aliwaza kwamba sasa Bibi anazikwa mara ya pili, na mchimba kaburi ni mjukuu wake.

Mkonga ukatoka.

"Mwamba mtupu," Tembo akasema. "Una joto kidogo. Umepigwa na jua."

Nyati akautazama ukungu, akamtazama Tembo, akaparuza ardhi kwa kwato.

Walipokuwa wakishuka, upepo ukaanza tena nyuma yao, vuuuu. Pimbi, aliyekuwa ametoka tunduni na kuibuka vichakani akichechemea, akasimama ghafla. Nyati akageuka upesi, mdomo wazi, lakini Tembo akamtangulia.

"Mtoto akipata jina haachi kulia, bwana. Ila sasa tunajua namna ya kumbembeleza."

Basi ikaamuliwa hivi: kilele kiitwe Mkunde, na yeyote atakayekisikia kikilia, popote alipo, akitaje jina na kukibembeleza. Aliyezunguka boma kwa boma kuwaeleza wote ni Tembo mwenyewe. Na kila upepo ulipoamka, sauti ya kwanza kusikika bondeni ilikuwa yake: "Nyamaza, Mkunde, nyamaza." Juu miambani Pimbi aliisikiliza, uji wake ukipoa jikoni.

Mwerevu hujua pa kujificha. Muungwana hujua pa kunyamaza.