Kazi Ndogo Aliyoiomba Mwantumu

Bwana Zahoro, tajiri wa kiwanda cha sabuni pale Tanga, alikubali kuigharamia filamu ya Mwantumu, ila kwa sharti moja.

"Mwongozaji nitakuwa mimi. Mwenye fedha ndiye mwenye neno."

Hadithi ilikuwa ya mama yake Mwantumu, na moyo ulimwuma. Hata hivyo alitabasamu.

"Ni haki yako, bosi. Mimi nipe kazi ndogo tu, ya kuwasha na kuzima kamera, na asiiguse mwingine."

Zahoro akacheka, akatia sahihi.

Kila asubuhi alikuja na miwani myeusi, akafoka mpaka sauti ikamkauka. Aliamuru bibi harusi anuse sabuni. Aliamuru hata mwosha maiti ainue kipande cha sabuni juu na kuchekelea. "Sawa, bosi," alijibu Mwantumu, akainama nyuma ya kamera. Adhuhuri tajiri alikwenda zake kula na kulala.

Siku ya uzinduzi watu walilia, kisha wakasimama kupiga makofi. Zahoro alimgeukia Mwantumu, macho yamemtoka.

"Sabuni zangu ziko wapi? Sikuona hata kipande kimoja nilichokiongoza!"

"Ulipokuwa ukiamuru, bosi, niliizima kamera. Ulipokwenda kulala, niliiwasha. Ndiyo kazi uliyonipa."

"Nitawatangazia wote!"

"Watangazie kwamba filamu si yako. Ila fanya haraka, mgeni rasmi huyo anakuja kukupongeza."

Zahoro akafuta jasho, akainuka, akanyoosha mkono.

"Asante, mheshimiwa," alisema. "Kuiongoza hii kulininyima usingizi."